Uteuzi wa zamu: mdakaji mwembamba achukuliwe mapema?

Gazeti likiandika kwamba klabu ya Philadelphia Eagles "ilimsajili" DeVonta Smith mwaka 2021, sentensi hiyo ina kosa, na kosa lenyewe linaficha hoja yote iliyomzunguka kijana huyo. Smith alikuwa mdakaji hodari kuliko wote katika vyuo vikuu vya Marekani. Alikuwa pia na urefu wa sentimita 183 na uzito wa kilo 75 tu, katika futiboli ya Kimarekani, mchezo ambao watu wa kilo mia hugongana kwa makusudi. Mswahili wa pwani angemwita kimbaumbau. Miezi mitatu mizima wachambuzi walibishana kama ni busara kumchukua mapema, na msomaji wa Kiswahili hawezi kuuelewa ubishi huo mpaka apate neno sahihi la kitendo chenyewe.

Usajili anaujua. Kwa mpenzi wa Simba au Yanga, wa Gor Mahia au AFC Leopards, usajili ni makubaliano: klabu inamtaka mchezaji, mchezaji anaitaka klabu, fedha zinatembea, dirisha linafungwa. Mwenye mfuko mzito ndiye anayetangulia. Kijana anayetoka chuo kikuu kuingia ligi ya NFL hana hiari ya namna hiyo. Klabu 32 hupangwa kwenye mstari. Iliyofanya vibaya kuliko zote msimu uliopita husimama mbele, bingwa husimama mwisho. Klabu ikifikiwa huita jina moja, na jina likishaitwa klabu nyingine hairuhusiwi tena kuzungumza mkataba na kijana huyo. Mstari ukiisha unarudiwa, duru 7 kwa siku 3, hadi yaitwe majina zaidi ya 250. Jambo hilo ndilo Wamarekani wanaloliita drafti.

Kuliacha neno hilo kama lilivyo hakunifurahishi. Drafti tunayo tayari vijiweni, ubao na vizibo vya soda, na mtu akisikia "Eagles walifanya vizuri kwenye drafti" ana haki ya kuwaza kingi na kula mbili kwa mpigo. "Uteuzi" peke yake unakaribia, lakini umeshikwa na siasa. Tanzania uteuzi ni wa Rais, mtu mmoja akitaja majina anayoyataka. Kenya ni kinyang'anyiro cha kupata tiketi ya chama. "Kura" haifai kabisa, kwa sababu hapa hakuna bahati: klabu inajua inamtaka nani na kwa nini. Tena ligi ya mpira wa kikapu, NBA, hupiga kura kweli ili kupanga nani atangulie, kwa hiyo neno hilo lina kazi yake nyingine. "Mchujo" nao unaeleza wanaotolewa, ilhali habari hapa ni ya wanaochukuliwa.

Ninachopendekeza ni uteuzi wa zamu. Kiini cha jambo ni zamu, na neno zamu Kiswahili kinalo tangu zamani: walinzi hushika zamu, wauguzi huingia zamu, watoto huambiwa wangoje zamu yao. Zamu ina sifa mbili zinazohitajika hapa. Kwanza ina mpangilio ambao mtu hawezi kuuruka kwa fedha. Pili, ukishaitumia imekwisha. Ndoo yako ikishajazwa bombani, huwezi kurudi mbele ya foleni kwa sababu umeona maji yanayofuata ni meupe zaidi.

Historia yenyewe inalitetea pendekezo hili. Mwaka 1935 mwenye timu ya Eagles alikuwa Bert Bell, na timu yake ilikuwa duni na haina fedha. Kila nyota aliyemaliza chuo alienda kwa matajiri, Chicago Bears au New York Giants, nao wakazidi kushinda, wakazidi kujaza viwanja, wakazidi kuwa matajiri. Bell akawaambia wenzake kwamba ligi haina nguvu kuliko timu yake dhaifu, na kwamba klabu ya mwisho ipewe nafasi ya kwanza ya kuchagua. Wakakubali. Tarehe 8 Februari 1936, katika hoteli mjini Philadelphia, uteuzi wa kwanza ulifanyika, na aliyetangulia kuita jina alikuwa Bell mwenyewe, kwa kuwa timu yake ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Alimwita Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, mshindi wa kwanza wa tuzo ambayo leo ni tuzo ya Heisman, anayopewa mchezaji bora wa vyuo. Bell alizihamishia haki zake kwa Bears, lakini Berwanger hakucheza hata mechi moja ya kulipwa. Uteuzi wa zamu ulianza, basi, kwa zamu ya kwanza kabisa kupotea bure.

Tangu makubaliano ya kazi ya mwaka 2011, hata mshahara wa kijana mpya hupangwa kwa namba ya zamu aliyoitwa. Mkataba ni wa miaka 4, na kwa walioitwa duru ya kwanza klabu ina hiari ya kuongeza mwaka wa 5. Hakuna dau la kupandisha wala klabu ya kutishia kukimbilia. Ukiuliza Eagles walimpata Smith kwa bei gani, jibu la kweli ni namba: zamu ya 10.

Usajili nao upo Marekani, ila ni mlango mwingine. Anayemaliza duru zote 7 bila kuitwa yuko huru kujiunga na klabu yoyote itakayomtaka. Wes Welker, mdakaji mfupi ambaye hakuna aliyemwita mwaka 2004, aliingia kwa mlango huo na akaja kuwa miongoni mwa wadakaji waliodaka mipira mingi kuliko wote wa kizazi chake. Mkenya Daniel Adongo, aliyetoka kwenye raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013. Kuhusu Adongo neno "alisajiliwa" ni sahihi kabisa. Kuhusu Smith si sahihi.

Zamu hununuliwa na kuuzwa, lakini kwa zamu nyingine au kwa wachezaji. Eagles walikuwa na zamu ya 12 usiku ule wa tarehe 29 Aprili 2021 mjini Cleveland. Wakaona Giants, wapinzani wao wa kundi moja, wako mbele yao kwenye zamu ya 11 na wana njaa ya mdakaji. Wakawapa Dallas Cowboys zamu ya 12 pamoja na zamu ya 84 ya duru ya tatu, wakapanda hadi ya 10, wakamwita Smith. Giants baadaye usiku huohuo walichukua mdakaji mwingine. Na Dallas? Kwa zamu ya 12 waliyopewa walimchukua Micah Parsons, aliyemaliza msimu akiwa mlinzi bora chipukizi wa ligi nzima. Kwa hiyo anayesema Eagles walifanya vyema lazima aseme pia kwamba walimwacha Parsons apite, wakampa mpinzani wa kundi lao zamu aliyomchukulia. Neno usajili lisingetuonyesha hilo. Neno zamu linatulazimisha tuulize nani alibaki kwenye mstari.

Nimekuwa nikisema "mdakaji", na neno hili pia linahitaji kutetewa, ingawa kwa ufupi. Kamusi zitakupeleka kwenye "mpokeaji". Mpokeaji ni mtu anayekaa mahali akaletewa: barua, mgeni, mshahara. Mchezaji huyu haletewi chochote. Hukimbia njia iliyopangwa kwa hatua, hukata kona ghafla, na mpira hurushwa kuelekea mahali ambapo hajafika bado. Akichelewa nusu sekunde unakuwa wa adui. Anadaka. Hofu kwamba tutamchanganya na golikipa ni ndogo, maana golikipa ana majina yake ya kutosha na hakuna mtangazaji atakayeshindwa kuwatofautisha.

Sasa kwenye mwili. Mdakaji husimama kwenye mstari wa kuanzia, na beki wa pembeni anaweza kusimama mbele ya pua yake. Mpira ukianza, beki anaruhusiwa kumpiga kifuani kwa viganja, kumsukuma, kumvuruga hatua zake. Mwaka 1978 ligi iliweka kanuni kwamba baada ya yadi 5 kumgusa vile ni kosa, na kanuni hiyo ndiyo iliyowafungulia wembamba mlango. Lakini yadi 5 ni mita nne na nusu, na ndani ya mita hizo mtu wa kilo 75 akishikwa na mtu wa kilo 90 anaweza asitoke kwa wakati. Mrushaji anasubiri, walinzi wanamfikia, mchezo umekufa. Hiyo ndiyo hofu ya kwanza ya watu wa mpira, na ndiyo yenye uzito zaidi kwangu. Hofu ya pili, inayosemwa sana mitaani, ni kuvunjika: kwamba siku moja beki wa kati atamfikia hewani na msimu utaishia hapo. Ya tatu haitajwi sana. Mwenzake akiwa na mpira, mdakaji anapaswa kuwa ukuta, amzuie beki asipite, na kazi hiyo haina ujanja wa kukwepa kilo.

Smith alikuwa na jibu la hofu ya kwanza, na lilikuwa kwenye picha za mechi kwa yeyote aliyetaka kutazama. Msimu wa 2020 alidaka mipira 117, akakusanya yadi 1,856 na kufunga mara 23, dhidi ya mabeki wa ukanda wa kusini mashariki ambao baadhi yao walifika NFL. Alipata tuzo ya Heisman, mdakaji wa kwanza kuipata tangu Desmond Howard mwaka 1991. Kwenye fainali ya vyuo ya Januari 2021 dhidi ya Ohio State alidaka mara 12, yadi 215, mabao 3, yote kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili aliumia kidole na kutoka. Mabeki walimkaba kifua kwa kifua, wakamkaba wawili wawili, na hawakumpata. Mikono yake ilifika kwenye viganja vya beki kabla viganja havijafika kifuani kwake, na miguu ilikuwa imeshaondoka. Wengine wanaita kipaji. Mimi naiita kazi ya ufundi iliyofanyiwa mazoezi hadi ikaingia damuni, na nafikiri wapimaji waliokazia macho mizani hawakuipa heshima iliyostahili.

Hofu ya kuvunjika alikuja kuijibu Philadelphia: mwaka wake wa kwanza huko, 2021, alicheza mechi zote 17 za ligi. Mwaka 2022 zote 17 tena, akivuka yadi 1,000. Mwaka 2023 alicheza 16, akazivuka tena. Mechi 50 kati ya 51 kwa mtu aliyeambiwa atavunjika. Mwaka wake wa kwanza alipata yadi 916, akaivuka rekodi ya chipukizi wa klabu, yadi 912, iliyowekwa mwaka 2008 na DeSean Jackson, naye pia mtu wa mwili mdogo ambaye klabu zilimwacha apite hadi zamu ya 49. Kabla ya wote hao alikuwepo Marvin Harrison, zamu ya 19 mwaka 1996, mwembamba kwa macho ya wengi, aliyedaka mipira 143 kwa msimu mmoja mwaka 2002 na kuingizwa kwenye jumba la magwiji mwaka 2016.

Majina haya yasitulevye. Wapo wepesi walioitwa mapema na zamu ikaungua. Mwaka 2013 Rams, wakati huo wakiwa St. Louis, walipanda kutoka zamu ya 16 hadi ya 8 ili kumchukua Tavon Austin, mwenye sentimita 173 na kilo 79. Ukimpa mpira mkononi na uwanja mbele yake, alikuwa moto. Tatizo lilikuwa kumfikishia. Hakuwahi kufikisha yadi 1,000 za kudaka kwa msimu hata mara moja. Mwaka 2017 Cincinnati Bengals walimwita John Ross kwa zamu ya 9, aliyekuwa ametoka kukimbia yadi 40 kwa sekunde 4.22, rekodi ya vipimo vya ligi. Msimu wake wa kwanza hakudaka mpira hata mmoja. Aliyeitwa mara tu baada yake, zamu ya 10, ni mrushaji nyota Patrick Mahomes.

Ukiwaweka Austin na Ross upande mmoja, Smith na Harrison upande mwingine, mizani haitoi maelezo. Ross alikuwa na kilo 85, kumi zaidi ya za Smith. Tofauti iko mahali pengine. Wawili wa kwanza waliitwa kwa sababu ya mbio, wawili wa pili kwa sababu ya njia: namna ya kutoka mstarini, kukata kona bila kupunguza mwendo, kumdanganya beki kwa bega. Mbio zinapimwa kwa saa siku moja mbele ya wakuu wa klabu wote, ndiyo maana zinapandisha bei ya mtu haraka. Njia zinahitaji saa nyingi za kutazama picha.

Eagles walikuwa wamelipia somo linalofanana na hilo mwaka mmoja kabla. Mwaka 2020, kwa zamu ya 21, walimchukua mdakaji Jalen Reagor, kijana wa kilo zaidi ya 90 na misuli iliyojaa. Zamu ya 22, Minnesota Vikings walimwita Justin Jefferson. Msimu huohuo Jefferson alipata yadi 1,400, na tangu hapo amekuwa miongoni mwa wadakaji bora wa ligi. Reagor hakudumu Philadelphia. Mwili wake haukuwa na kasoro yoyote, na haukumsaidia.

Kwetu Afrika Mashariki hadithi ya uteuzi wa zamu ina jina la nyumbani, nalo linaonyesha upande wa pili wa jambo hili la maumbile. Juni 2009 Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Connecticut, aliitwa na Memphis Grizzlies kwa zamu ya 2 ya NBA, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Alikuwa na urefu wa sentimita 221, mzuiaji hodari chini ya kikapu, na klabu ilimwona mtu ambaye urefu wake haufundishiki. Zamu ya 3 aliitwa nyota wa baadaye James Harden. Zamu ya 7 Golden State Warriors walimchukua Stephen Curry, ambaye wengi walimwona mwembamba na mdogo mno kwa ligi ile. Siandiki haya kumpunguzia Thabeet heshima. Alifungua njia ambayo hakuna Mtanzania aliyekuwa ameikanyaga, na kosa la zamu ni la anayeita, si la anayeitwa. Ila wakati ule magazeti yetu mengi yaliandika kama vile amesajiliwa, na wasomaji wakabaki kuuliza kwa nini klabu iliyomtaka kiasi kile haikumvumilia zaidi. Laiti tungekuwa na neno zamu, tungeelewa kwamba kila mara Curry alipofunga, watu wa Memphis walikuwa wanaihesabu upya namba 2.

Basi ningemchukua Smith kwa zamu ya 10? Ndiyo, bila kusita, na ningetoa ile ya 84 juu yake. Ningemchukua kwa sababu hofu kubwa, ile ya mita nne na nusu za mwanzo, ilikuwa imeshajibiwa chuoni na mabeki wa daraja la juu. Hofu ya kuvunjika ipo kwa kila mchezaji wa mchezo huu, wa kilo 75 na wa kilo 130. Kazi ya kuwa ukuta nitaigawia mwingine. Lakini mwembamba ambaye bado sijamwona akikabwa kifuani na kuchomoka, hata awe na mbio za kupasua upepo, nitamngoja kwenye zamu za bei nafuu.

Xavier Worthy ni wa namna hiyo. Mwaka 2024 aliivunja rekodi ya Ross kwa sekunde 4.21, akiwa na kilo 75, sawa na Smith. Kansas City Chiefs, waliokuwa mwisho wa mstari kwa kuwa mabingwa, walipanda kutoka zamu ya 32 hadi ya 28 na kumwita. Tarehe 9 Februari 2025 yeye na Smith walikutana kwenye fainali. Smith alidaka mpira mrefu wa yadi 46 na kufunga bao lililoimaliza mechi, Eagles wakashinda 40 kwa 22. Worthy alidaka mara 8, akapata yadi 157 na mabao 2, mengi ya hayo baada ya Eagles kwenda mbele 34 bila na walinzi wao kulegeza kamba. Kwa zamu ya 28 Chiefs hawakukosea. Ningekuwa mimi mwenye zamu ya 10 mwaka ule, nisingemwita.